Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuruka miguu yote pamoja, ni kawaida? Na nyie mnaoishi nyumba za kupanga mnacheza nao nini ndani?

#1 Baba_Tumaini (Ilomba, Mbeya)
Wakuu habari za jioni, niende kwenye mada moja kwa moja. Nina binti ana miaka mitatu na miezi kadhaa, kuongea anaongea mpaka anachosha, rangi anazijua, nyimbo za chekechea zote anazo. Juzi mwalimu wake kaniita pembeni ananiambia baba, wenzake wakicheza kuruka chura yeye haruki. Nikarudi home nikamwambia hebu ruka nione. Anachuchumaa vizuri kabisa, mikono anairudisha nyuma, anahesabu moja mbili tatu alafu ananyanyua mguu mmoja kama mtu anavuka mtaro. Anacheka yeye, nacheka mimi, ila usiku usingizi ukawa wa mashaka.

Tunakaa chumba na sebule, nje ni korido na bomba la wapangaji wote, mwenye nyumba hataki kelele. Na baridi hili la Juni mnalijua, mtoto anaamka na sweta mbili na boshori, mchana mzima yuko kwenye kochi na katuni zake. Je umri huu ni kawaida? Na mnacheza nao nini hasa ndani, maana michezo niliyokua nayo mimi ni kombolela na rede, yote inataka uwanja.

#2 Mnyalu_OG (Iringa)
Kamwene. Mkuu boshori ndani ya nyumba? Mvue hizo sweta kwanza ndo umpime. Hata wewe ukivalishwa hivyo huruki.

#3 Mama_Mapacha (Uyole)
Jamani miaka mitatu haruki? Wangu wote wawili walitembea kabla ya mwaka na nilivyoambiwa na mama mkwe mtoto akifika mwaka hatembei ujue kuna shida mahali. Baba Tumaini hebu kumbuka vizuri, alitambaa? Maana wale wanaoruka hatua ya kutambaa ndo wanakuja kusumbua baadae. Na woka mlimweka, vile vigari vya kumkalisha mtoto ndani? Hizo woka za plastiki zinazouzwa Mwanjelwa mimi sizipendi kabisa.

#4 Mzee_wa_Kabwe
Sisi tulikuwa hatuna mambo mengi. Mtoto hajakaa vizuri anachimbiwa kishimo uani, anawekewa nguo pembeni, anakaa humo anaangalia mama yake anapalilia. Akitaka kusimama anakatiwa miti anatengenezewa kigari cha matairi matatu. Wote tulitembea na wote tulikuwa tunaruka mito.

Alafu samahani kijana, sikusudii vibaya, ila zamani mtoto akilegea miguu wazee walikuwa wanawaita wazazi wote wawili wanawauliza maswali. Mnaelewa ninachosema.

#5 Kijana_wa_Soweto
Mzee #4 kaanza 😂😂 uzi wa kuruka chura umegeuka uzi wa kubemenda, yaani mtoto kalegea eti mzazi katoka nje ya ndoa. Baba Tumaini usijibu hilo swali bila mwanasheria.

#6 Nesi_Zamu_ya_Usiku (Mbeya)
Nimetoka zamu sasa hivi ila uzi huu siwezi kuupita. Tuwekane sawa kidogo.

Mama Mapacha, mwaka mmoja siyo kikomo cha kutembea. Shirika la Afya Duniani (WHO) walifuatilia watoto wenye afya njema nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, matokeo wakatoa 2006. Kutembea mwenyewe bila kushikwa walikuta kunaanzia kwenye miezi 8.2 mpaka 17.6, wote hao wazima wa afya. Kwahiyo jirani mwenye mtoto wa miezi 14 hajatembea msimkimbize kwa waganga. Ikifika mwaka na nusu hatembei hapo ndo mumlete tumuone. Na kutambaa, kwenye kundi hilohilo asilimia 4.3 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, wengine walijiburuta kwa makalio, na wakatembea vizuri tu. CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, 2022 waliitoa kabisa kutambaa kwenye orodha yao ya hatua za ukuaji.

Kuruka miguu miwili kwa pamoja, hao hao CDC wameweka miezi 30, na kigezo chao ni robo tatu ya watoto wanaweza kufikia umri huo. Kwahiyo baba, binti yako kachelewa kidogo ukilinganisha na wengi, siyo msiba ila usikae kimya. Nijibu haya: anakimbia? anapanda ngazi? mpira ukimrudishia anaupiga teke? Na kubwa kuliko yote, akikaa chini sakafuni akitaka kuinuka anainukaje? Mwangalie bila kumwambia. Kama anajisukuma kwa kushika magoti na mapaja yake mwenyewe, anajipanda mwili wake ndo asimame, hiyo msisubiri, mleteni. Hali kadhalika kama kuna kitu alikuwa anakiweza sasa hawezi, anatembelea vidole muda wote, au upande mmoja ni mgumu kuliko mwingine.

Woka nakubaliana na Mama Mapacha. Canada walizipiga marufuku 2004, kuuza hata kutangaza. Mtoto ananing'inia na kusukuma kwa ncha za vidole, na anafika kwenye jiko kabla hujageuka.

#7 Baba_Tumaini
Asante sana nesi. Kukimbia anakimbia, na anaanguka sana tu. Teke anapiga. Kuinuka nimemvizia leo, anaweka mkono mmoja chini sakafuni anasimama, mapaja hashiki. Ngazi ndo sijui maana nyumba yetu haina ngazi na chekechea yake haina ngazi, kanisani zipo ila namshika mkono au namnyanyua tuwahi ibada.

#4 mzee wangu shikamoo, mimi na mama yake tuko salama 😂

#8 Kipepeo_wa_Tukuyu
Ndaga nesi. Ila naomba niongeze, nilisoma mahali WHO wanakataza kumbeba mtoto mgongoni, kwamba unamdumaza miguu. Huku kwetu Tukuyu mvua karibu mwaka mzima, matope mpaka kwenye kizingiti, mtoto asipokuwa mgongoni atakuwa wapi? Nikaona hawa watu hawajawahi kufika Tukuyu.

#9 Nesi_Zamu_ya_Usiku
#8 hawajakataza. Mwongozo wao wa 2019 unasema asifungwe mahali zaidi ya saa moja kwa mkupuo, na wametaja vigari, viti virefu na mgongoni kwa mlezi. Ukimbeba kwenda sokoni, ukarudi ukamfungua akachafuka, hujavunja sheria ya mtu. Mwongozo huohuo mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne unamtaka awe kwenye mwendo si chini ya dakika 180 kwa siku, na akifika mitatu dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhemesha. Mtoto mchanga ambaye hajaanza kusogea apate angalau dakika 30 za kulala kifudifudi akiwa macho, kwa awamu awamu. Kioo cha TV au simu chini ya miaka miwili hapana, miaka miwili mpaka minne kisizidi saa moja. Baba Tumaini umesema "mchana mzima".

#10 Mnyalu_OG
Dakika 180 ni masaa matatu. Masaa matatu ya mazoezi kwa mtoto? Hata JKT Mafinga hawafanyi hivyo.

#11 Mwl_wa_Awali (Mbalizi)
#10 haya mambo watu wanayasoma vibaya. Siyo umsimamishe na filimbi. Kutembea na wewe dukani ni humo humo, kufagia na kifagio kifupi, kuokota nguo za kuanua, kucheza muziki, kupanda kochi na kushuka. Mtafiti Karen Adolph na wenzake kule New York waliwahesabu watoto wa miezi 12 mpaka 19 wakicheza huru, wakapata wastani wa hatua 2,368 kwa saa na kuanguka mara 17 kwa saa. Mtoto ukimwachia nafasi anafanya mwenyewe, tatizo tunamwambia "tulia" kutwa nzima.

Sasa kuruka. Mimi nafundisha watoto hawa kila mwaka wanakuja wapo wasioruka na wengi ni hawa wa geti kali na wa vyumba vya kupanga, hawajapata pa kurukia. Kitu wazazi hawajui, kuruka juu kutoka chini ni kugumu kuliko kuruka kushuka. Anza na kushuka. Chukua tofali moja la kuchoma lilaze, weka mkeka au blanketi mbele yake. Asimame juu, vidole vya miguu vitokeze kidogo ukingoni, mshike mikono yote miwili, mbele yake siyo ubavuni maana ukimshika ubavuni atashuka mguu mmoja tu. Kunja magoti wewe kwanza akuone. Shuka naye. Akizoea mshike mkono mmoja, alafu mwache. Hapo ndo unatoa tofali unakunja khanga unailaza chini ndo mto Ruaha, kuna mamba, aruke avuke. Usiipanue haraka, anza na upana wa kiganja. Na awe peku, soksi kwenye sakafu ya sementi iliyopigwa rangi nyekundu utampeleka hospitali.

#12 Kijana_wa_Soweto
Mamba wa Ruaha kwenye sebule ya Ilomba 🔥 mwalimu njoo unifundishe na mimi

#13 Dada_wa_Njombe
Mnazungumza michezo tu ila mnaruka la msingi. Mtoto anakula nini? Mikoa yetu hii ndo inalisha nchi na ndo inaongoza kwa udumavu. Matokeo ya utafiti wa afya wa taifa wa 2022, Iringa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati taifa zima ni asilimia 30. Mahindi tunayo, viazi tunavyo, maharage, maziwa, parachichi linaoza chini, alafu mtoto anapewa uji mweupe asubuhi na ugali wa sembe na mboga ya majani usiku maana mama kashinda shamba. Misuli itatoka wapi ya kuruka? Unamwekea tofali na mkeka mtoto ambaye hana nguvu, unamuonea.

#14 Mnyalu_OG
Dada wa Njombe hiyo namba ya Iringa kila uzi lazima mtu ailete 😒 Na hata hivyo kudumaa ni urefu kwa umri, mtoto wa Baba Tumaini wa Mbeya kaambiwa haruki, hajaambiwa mfupi.

#15 Dada_wa_Njombe
#14 urefu ndo unaopimika kwa rula, kilicho ndani hakipimwi kwa rula. Udumavu unaenda na ubongo na misuli. Sijasema binti yake amedumaa, nimesema aulizwe. Ila nyie Wahehe mkiguswa tu mnachukua mkuki.

#16 Baba_Tumaini
Kadi yake ya kliniki iko sawa, urefu na uzito vyote kwenye kijani. Anakula, tena sana. Lakini nimeelewa hoja.

#17 Msomaji_Kimya
Kuhusu mgongoni na kishimo cha Mzee #4, msikicheke. Mtafiti Charles Super mwaka 1976 alichapisha kuhusu Wakipsigis wa Kokwet kule Kenya. Watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, na wanabebwa vilevile. Aliona akina mama wanawafundisha kabisa kukaa na kutembea, ni zoezi la kila siku. Ila kutambaa, ambako hakuna anayewafundisha, hawakuwa mbele. Kwahiyo mtoto anawahi kile anachozoezwa nyumbani kwake. Mbeya tunamzoeza kukaa kwenye kochi, basi amewahi kukaa kwenye kochi.

#18 Mzee_wa_Kabwe
#17 Mungu akubariki. Mambo ya kishimo wazungu wameyakuta yapo.

#19 Mama_Mapacha
Sawa ila hapo nyuma nesi kaniletea Ghana na Norway, huyu kaniletea Kenya. Mbeya hakuna aliyepima, kwahiyo bado siamini kwamba miezi 17 ni kawaida. Mama mkwe wangu kalea watoto tisa.

#20 Mama_Shujaa (Isanga)
Nimesoma toka juzi nikasita kuandika. Mzee wa #4 nakuheshimu lakini hilo neno lako nimeishi nalo. Mwanangu alichelewa kulia alipozaliwa, akapata mtindio wa ubongo. Akiwa na mwaka shingo bado inalegea, na majirani hawakuuliza alizaliwaje, waliuliza baba yake analala wapi. Mume wangu aliondoka kwa ajili ya hayo maneno. Tulipoteza muda kwenye dawa za kuogeshwa ambao ungekuwa muda wa mazoezi.

Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali ya rufaa, ndo alinifungua macho. Hakunipa mashine, aliniuliza nina nini nyumbani. Nikamwambia nina stuli na ndoo na viazi maana nauza viazi. Akasema vinatosha. Stuli inamfika kifuani, namsimamisha hapo, mimi nimekaa nyuma yake magoti yangu yanabana magoti yake yasikunjike. Kushoto ndoo yenye viazi, kulia ndoo tupu. Anachukua kiazi anavusha. Mwanzoni viwili vitatu tu anachoka anaanza kulia, tunapumzika. Navichagua vidogo vya mbegu vinavyoingia kwenye kiganja, vikubwa anavidondosha alafu anakasirika anagoma. Sasa hivi anamaliza ndoo ndogo na anavusha huku anaimba, na magoti yangu nimeshayatoa, nayasogeza karibu tu kwa tahadhari. Haruki na sijui kama ataruka. Ila anasimama kwenye stuli ananisubiri nimwagie viazi.

Baba Tumaini mpeleke tu aangaliwe, ukiambiwa mzima utarudi unacheka.

#21 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Mama Shujaa ❤️ Viazi vya mbegu nitavitumia kuwaambia wengine.

#22 Kipepeo_wa_Tukuyu
Mama Shujaa pole na hongera. Mimi mbegu za parachichi ndo mpira wetu, mdogo wangu anazirusha kwenye beseni kwa mbali. Mipira ya rambo tuliyokuwa tunafunga kwa kamba imekufa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, sasa hivi nakunja soksi zilizotoboka nazijaza matambara, haivunji kioo na mwenye nyumba haisikii.

#23 Kijana_wa_Soweto
Serikali iliua rede kimya kimya, hakuna aliyeandamana 😭

#24 FundiMbao_Mafinga
Salaam. Mimi fundi, huwa napita tu. Kuna mwalimu wa chekechea aliniletea kazi hapa, ubao wa mtoto kutembelea juu yake. Mbao ya paini mbili kwa sita, urefu futi nane, napiga randa na msasa kona zote nazizungusha, chini naweka vipande viwili viinue kidogo tu, hata akianguka ni kama ameshuka kizingiti. Mtoto akishaweza unaugeuza upande mwembamba unaweka vishikio. Kigari cha kusukuma pia natengeneza, kile cha kusimama nyuma mtoto anasukuma, siyo cha kukalia ndani. Ubao elfu kumi na tano, natuma kwa basi Mbeya.

#25 Baba_Tumaini
#24 futi nane sebule yangu haiingii mkuu, fanya futi nne. Nije inbox.

Mrejesho kidogo. Tofali la mwalimu limefanya kazi nusu. Kushuka anashuka miguu miwili safi, anadai "tena" mpaka naumwa mgongo. Mto Ruaha bado anauvuka kwa hatua, anasema mamba amelala. Mama yake anashikilia ni masweta, mwalimu wa shule anasema ni katuni, bibi yake kasema kwa simu kwamba hata mimi nilichelewa kila kitu. Nesi kliniki ni wiki ijayo nitamuuliza daktari. Katuni tumepunguza, vita ni kubwa jioni.

#26 Mwl_wa_Awali
#25 mamba akilala mwamshe wewe, uwe mamba. Jilaze kwenye mkeka. Na asishuke kwenye tofali muda wote mpaka achoke miguu, badilisha. Apite chini ya meza kwa tumbo, abebe kidumu cha lita moja chenye maji kutoka bombani mpaka mlangoni, aviringike kwenye godoro mnapotandika. Mpangaji mwenzio anayelalamika mkaribishe mtoto wake.

#27 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Nilisahau jambo na msimu huu lazima niliseme. Mkicheza ndani kwa ajili ya baridi, jiko la mkaa lisiwe ndani. Mtoto anayeruka na jiko lenye sufuria sebuleni ni ajali ya maji ya moto, tunaipokea kila Juni na Julai. Na ukifunga madirisha joto lisitoke, ile hewa ya mkaa haina harufu, mnalala wote hamuamki. Mwili wa mtoto anayecheza unapata joto wenyewe, akianza kutoka jasho punguza sweta.

#28 Mnyalu_OG
Nilisema toka #2 sweta. Hakuna aliyenisikiliza.

#29 Dada_wa_Njombe
Na mimi nilisema chakula.

#30 Mzee_wa_Kabwe
Na mimi kishimo. Hilo lingine nimeliacha, mama wa viazi nimekusoma.

#31 BintiSae
Samahani kudandia uzi wa watu. Wangu ana minne, tatizo ni kinyume, anaruka kutoka juu ya kabati la nguo kwenye kitanda. Chaga tatu zimeshavunjika na nikimkataza anasubiri niende kuoga. Kuna mchezo wa kumtuliza?

#32 Kijana_wa_Soweto
Hamna. Mwachie, huyo ni kipa.

#33 FundiMbao_Mafinga
#31 hizo chaga ni paini zenye fundo katikati, lazima zivunjike. Weka za mkaratusi, mbili kwa tatu, zipange karibu karibu. Kitanda futi ngapi?